Bega kuuma baada ya kutolewa kifuko cha nyongo

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini bega linakuuma kuliko tumbo, na kama uombe tramadoli, ile dawa kali ya maumivu. Hiyo ni gesi waliyokujaza tumboni wakati wa upasuaji wa matundu madogo. Inachokoza kiwambo chini ya mapafu, maumivu yanatokea begani. Tembeatembea ndani, siku chache itaisha.

Mimi nilimeza parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 (visizidi 8 kwa siku), na ibuprofeni baada ya chakula. Mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu asiiguse hiyo ibuprofeni. Tramadoli nilijaribu mara mbili: kichefuchefu, na choo kikagoma siku tatu! Ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Homa au macho ya njano, rudi hospitali siku hiyohiyo.