Maswali ya Wasomaji: Mkesha wa Nyota Nje ya Dodoma

SWALI: Tuko watu 15 wapenda nyota. Julai tunataka kukesha Ijumaa hadi Jumapili porini, kilomita 40 hivi kutoka Dodoma mjini. Tuna darubini mbili: moja ya kioo cha milimita 150 kwenye stendi ya Dobson (kisanduku kinachozunguka chini), nyingine ilitoka Ulaya na stendi ya ikweta (yenye mhimili ulioinama ili kufuata mzunguko wa nyota). Hiyo ya pili imetushinda. Tukiilaza, chuma cha uzani kinagonga mguu. Tuchague wikiendi ipi, na tufanyeje? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Tarehe kwanza, kwa sababu mikesha mingi huharibikia hapo. Chukueni kalenda yenye tarehe za Kiislamu, mtafute wikiendi inayoangukia kati ya tarehe 27 na tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Ndilo giza lile lile wanalolingoja wavuvi wa dagaa. Mkilikosa, tarehe 23 hadi 26 zinafaa, maana mwezi huchomoza baada ya saa sita usiku. Wikiendi ya mbalamwezi iacheni kabisa, hata kama ndiyo wote mna nafasi.

Stendi yenu haina ubovu. Mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale nyota zinapoonekana kuzungukia, na Dodoma ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo. Ulaya mhimili huo husimama nyuzi 50 hivi; kwetu unalala, uzani unaning'inia upande wa kusini na kukuta mguu. Zungusheni miguu mitatu ili uwazi kati ya miwili utazame kusini, kisha ning'inizeni dumu la maji la lita 5 katikati ya miguu yote, isije ikapinduka. Jaribuni mchana, nyumbani. Ikiwa skurubu ya kuinamisha inagota kabla ya nyuzi 6, msiilazimishe, itakatika. Kusini kutafuteni kwa Msalaba wa Kusini, nyota nne angavu zenye umbo la msalaba: refusheni mti wake mrefu mara nne na nusu kuelekea chini. Nyota ya Kaskazini msiihangaikie, kwenu haichomozi.

Kwa watu 15, tegemeeni zaidi hiyo ya Dobson. Itoeni nje saa moja kabla ya kutazama, kioo kipoe. Kikiwa na joto, nyota zinatetemeka kama zimo ndani ya maji. Iwekeni kwenye udongo au nyasi, mbali na sakafu ya saruji na mabati, na gari likinge upepo wa vumbi. Lenzi ya jicho ya milimita 25 inatosha kuanzia. Kitu kikiwa utosini, stendi hii hukataa kukifuata. Subirini saa moja, anga litakuwa limezunguka nyuzi 15.

Fikeni kabla ya jua kuzama, magari yaegeshwe yakitazama njia ya kutokea, na taa za ndani zizimwe kabisa. Macho huhitaji dakika 30 kuzoea giza, na mwanga wa simu moja unawarudisha wote mwanzo. Tochi zifungwe selofeni nyekundu, tabaka mbili au tatu. Mkiona doa jeusi kando ya Msalaba wa Kusini, kama tundu ndani ya Njia Nyeupe (ule ukanda wa nyota unaokatiza anga), giza lenu ni zuri. Saa nne usiku kitovu cha Njia Nyeupe, kati ya makundi ya nyota ya Nge na Mshale, kitakuwa juu sana. Atakayevumilia hadi saa kumi na moja alfajiri atakiona Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota, mashariki.

SWALI: Huku Njombe darubini yetu ya lenzi hupata ukungu kila baada ya nusu saa. Tuifute kwa kitambaa gani? – Msomaji, Njombe

JIBU: Msifute, vumbi lililonaswa na umande litakwaruza lenzi. Kioo hupoteza joto kuelekea angani hadi kinakuwa baridi kuliko hewa, ndipo umande hutua. Kateni godoro jembamba la mazoezi, mlizungushie mdomo wa darubini litokeze mara mbili ya upana wa lenzi. Ikishindikana, pulizieni draya ya nywele ya volti 12 inayotumia umeme wa gari, kwa joto la chini, sekunde chache tu.