Unataka kuwa mfamasia wa wazee? Jifunze kuondoa dawa

Wanafunzi wa mwaka wa nne hawaachi kuniuliza: mwalimu, nikimaliza intani nifungue duka la dawa, niingie kampuni ya kuuza dawa, au nibaki hospitali? Simzuii mtu kutafuta riziki, na kodi ya nyumba haisubiri. Ila kama ukiwa dirishani unatamani kujua yule bibi uliyempa dawa jana ameamkaje leo, basi wewe ni mtu wa wodini. Haya nayaandika kwa ajili yako.

Wengi wanadhani mfamasia wa kliniki, yule wa wodini, kazi yake ni kupendekeza dawa bora zaidi. Kwa wazee, mara nyingi kazi ni kuondoa. Mzee ana presha, kaandikiwa amlodipini. Dawa ikamvimbisha miguu. Akaenda kituo kingine, hakuulizwa anatumia nini, akapewa furosemidi ya kutoa maji. Sasa usiku haachi kuamka kwenda haja ndogo, na choo kiko uani. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Wodini akaandikiwa diklofenaki ya maumivu, ambayo inapandisha presha na kuzielemea figo, kwa hiyo dawa ya presha ikaongezwa. Kila aliyeandika alitibu alichokiona mbele yake. Ni wewe unayetakiwa kuuliza: hii dalili ni ugonjwa mpya, au imeletwa na kidonge cha mwezi uliopita?

Jibu halipatikani kwenye faili peke yake. Waambie ndugu wamletee mzee dawa zote zilizoko nyumbani: za hospitali, za duka, za miti shamba, hata alizopewa na jirani. Mwaga mezani uone. Utakuta bahasha ndogo zisizo na jina la dawa, zimeandikwa 1x3 tu, na vidonge vya aina mbili vimechanganywa humo humo. Bibi mmoja alinifungulia fundo la khanga, ndani mna vidonge vya glibenklamidi, dawa ya kisukari, kutoka vituo viwili, vyeupe huku, vya rangi kule. Kwa kuwa havifanani, aliamini ni dawa mbili, akawa anameza zote. Nyumbani walikuwa wanasema alfajiri bibi anatetemeka na kutoa jasho, labda ni uzee. Ilikuwa sukari inashuka. Dawa hiyo inakaa mwilini muda mrefu, na tangu 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Iliyopendekezwa ni gliklazidi.

Halafu figo. Hapa ndipo ninapowabana sana wanafunzi. Karatasi ya maabara ikisema kreatinini, ile taka ya damuni inayotolewa na figo, ni 1.0 mg/dL, wanaandika "kawaida" na kugeuza ukurasa. Chukua fomula ya Cockcroft na Gault ya 1976, inayokadiria kasi ya figo kusafisha damu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha tena kwa 0.85. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye kilo 65 anapata kama mililita 104 kwa dakika. Bibi wa miaka 80 mwenye kilo 50, kwa kreatinini ile ile, anapata 35. Metformini, digoksini, antibayotiki kadhaa, zote dozi yake inabidi itazamwe upya. Kwa hiyo pigania mzani uwepo wodini. Uzito wa kukisia unaharibu hesabu yote.

Orodha ya Beers, ya dawa za kuepukwa kwa wazee, iliyoanza Marekani 1991, isome mpaka uizoee; toleo ninalotumia ni la 2023. Soma na STOPP/START ya Ireland, mwongozo wa dawa za kuacha na za kuanza kwa wazee. Lakini usizibebe kama msahafu: dawa nyingi zilizomo hazipo kwenye stoo zetu, na mzee wa kwetu dawa zake anasomewa na mjukuu wa darasa la sita. Ukitaka kuendelea na masomo, MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) na Chuo Kikuu cha Nairobi wana shahada ya uzamili ya famasia ya kliniki. Ada ni mzigo. Anza kuulizia ufadhili mapema.

Kwa madaktari, mwanzoni utasimama nyuma kabisa kwenye raundi. Vumilia. Usiseme mbele ya mgonjwa kwamba dawa imekosewa. Fika na uzito, kreatinini na pendekezo mkononi: "Daktari, figo zake ziko 35, tushushe dozi au tubadilishe?" Ukisema hivyo mara chache na mgonjwa akapata nafuu, watakuita wenyewe.

Kwa mzee, shikamoo kwanza, kisha vuta kiti ukae. Usiongee na binti yake kana kwamba yeye hayupo. Ukimuuliza "dawa unakunywa vizuri?" atakujibu "nakunywa, mwanangu," kwa adabu tu. Muulize, "Bibi, jana usiku ulimeza zipi?" Ukiwa Pwani, karibu na Ramadhani, muulize kama atafunga, maana "kutwa mara tatu" haitafuatwa, na wa sukari anaweza kuzidiwa mchana.

Dirisha la wazee, lile la kuchukulia dawa lililotengwa kwa ajili yao, limetusaidia kupunguza foleni, ingawa mazungumzo yamekuwa mafupi mno. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawapanga zamu pale, na kiti cha pili kinawekwa upande wa mgonjwa. Nikiwapima, simpi maksi mwanafunzi kwa alivyoeleza. Akimaliza, namwomba mzee anieleze mimi: kipi asubuhi, kipi usiku, kipi kimeachwa na kwa nini. Mzee akichanganya, mwanafunzi anarudi kiti kile kile kueleza upya, na foleni inasubiri.