Uliza Mama Wakili: Kabla hujaandika PV (karatasi ya maelezo ya kesi)

SWALI: Jambo Mama Wakili. Mimi ni OPJ, yaani afisa wa upelelezi wa kesi, hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Juzi tulifunzwa juu ya kesi za ubakaji, tukakaa ukumbi mmoja na mamagistra (waendesha mashtaka na majaji), madaktari na mawakili. Walimu wakasema tusimuulize mwanamke "mbona hukupiga kelele?" Lakini mahakamani wakili wa mshtakiwa ataliuliza swali hilohilo. Nisipoliuliza mimi, si nimeharibu kesi? Tena ofisi yetu ni meza moja na benchi moja, kila mtu anasikia.

JIBU: Jambo, mwanangu. Wengi wanarudi kutoka mafunzoni na cheti tu. Wewe umerudi na swali.

PV za namna hiyo nimezisoma nyingi. Kuna ile ya mistari minne: jina, umri, "alibakwa na fulani", sahihi. Ikifika parke, ofisi ya waendesha mashtaka, magistra hana cha kushika. Kuna na ile ndefu iliyojaa lawama: ulivaa nini, usiku ule ulikuwa unatafuta nini, kwa nini hukukimbia. Hiyo wakili wa upande wa pili anaipenda kweli, maana umeshamfanyia kazi yake.

Swali la kelele usilitupe, ligeuze. Muulize: "Wakati ule mwili wako ulikuwa namna gani? Ulikuwa unafikiri nini?" Mtu aliyeshikwa na hofu kubwa anaweza kuganda: sauti haitoki, mikono hainyanyuki. Wala hiyo si kukubali. Akikuambia "miguu sikuisikia tena", andika hivyohivyo, usimsahihishe. Siku wakili atakaposimama na swali lake, jibu litakuwa limo ndani ya PV, kwa maneno ya mwenyewe.

Mwache aseme bila kumkatiza. Aliyepatwa na mshtuko hakumbuki mambo kwa mpangilio. Harufu ya petroli kwenye shati la yule mwanaume inaweza kumjia kabla ya saa au siku. Kesho akirudi na jambo jipya, fungua PV ya pili, usikimbilie kusema anadanganya. Na kwa kuwa unaandika kwa Kifaransa, msomee yote kwa Kiswahili kabla hajaweka sahihi au kidole. Nimeona mama mmoja akigoma pale pale: "Hapa umeandika alinishawishi. Mimi nilisema alinikaba." OPJ alikasirika, lakini mama alikuwa na haki.

Kuhusu benchi: watoe wengine. Mwenye kesi ya simu iliyoibiwa anaweza kungoja uani, hatakufa. Na huyo mama ana haki ya kusaidiwa na wakili tangu uchunguzi unapoanza; sheria ya 06/019 ya tarehe 20 Julai 2006 ndiyo inayosema. Sheria hiyohiyo inakutaka umjulishe magistra wa parke ndani ya saa 24, na inataka uchunguzi wa awali umalizike ndani ya mwezi mmoja, hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Najua hali ya kazi zenu, karatasi tu ni shida. Lakini saa 24 hazihitaji gari, simu inatosha, kisha unaandika kwenye PV saa uliyopiga.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Familia mbili zitakuja kwako na mbuzi au bahasha, wakuombe ukunje faili, na pengine watasema yule kijana yuko tayari kumwoa binti. Usikae katikati ya mazungumzo hayo. Kesi ya ubakaji haimalizwi kwa faini ya kituoni, na adhabu yake ni miaka 5 hadi 20. Kumwoza binti kwa nguvu ni kosa lingine juu ya lile la kwanza.

SWALI: Mama, mimi ni muuguzi wa kituo cha afya, Rwashi. Mkubwa wetu anasema aliyebakwa tusimguse mpaka alete karatasi ya polisi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada. Karatasi ya OPJ ni ya kumwomba daktari aandikie mahakama alichokiona. Matibabu hayaingoji. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na ya kuzuia mimba haipiti siku tano. Ukimrudisha akatafute karatasi Ijumaa jioni, Jumatatu umeshachelewa.

Andika unachokiona: jeraha liko upande gani, urefu gani, rangi gani; chora mwili na uweke alama. Usipoona jeraha, andika "sikuona jeraha", usiandike "hakubakwa", kwa sababu wengi wanabakwa bila kubaki na alama. Kile kipimo cha vidole viwili cha kutafuta bikira, achana nacho. Shirika la Afya Duniani na wenzake wa Umoja wa Mataifa walitaka kikomeshwe mwaka 2018, maana hakithibitishi kitu.

Nguo zake usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu na ushahidi utaoza. Ziache zikauke kivulini, kila nguo uiweke kwenye bahasha yake ya kaki, uifunge, uandike juu tarehe na saa, na yule OPJ akija kuzichukua naye aweke sahihi.