Kijiji Hugeuka Mji Lini?

SWALI: Mimi na mwalimu mwenzangu tumebishana wiki nzima. Yeye anasema mji ni lami, umeme na maghorofa. Mimi nasema ni wingi wa watu. Nani yuko sahihi?
Mwalimu wa jiografia

JIBU: Mwalimu, wewe umekaribia zaidi, ila wingi peke yake hautoshi. Nilipokuwa karani wa sensa nilipangiwa maeneo mawili yenye kaya karibu sawa kwa idadi. La kwanza nililimaliza kwa siku mbili, nikitoka mlango huu naingia ule. La pili lilinichukua siku tano: kati ya kaya na kaya palikuwa na mashamba, na wenyewe niliwakuta huko huko wakipalilia. Umeme ulikuwepo pande zote mbili.

Mstari wenyewe kila nchi huuchora inapotaka. Denmark, watu 200 katika nyumba zilizokaribiana wanatosha kuhesabiwa mji. Marekani ilishikilia watu 2,500 kwa miongo mingi, kisha katika sensa ya 2020 ikapandisha hadi watu 5,000 au nyumba 2,000. Kuna sehemu zilizolala mjini zikaamka kijijini, bila hata tofali moja kuondolewa.

Kigezo cha India hunivutia kwa sababu kinauliza pia riziki inatoka wapi: watu wasiopungua 5,000, msongamano wa 400 kwa kilomita ya mraba, na robo tatu ya wanaume wafanyakazi wawe nje ya kilimo. Kuhesabu wanaume tu kunaniudhi. Mume akifanya kazi kiwandani na mke akabaki na jembe, jembe hilo halionekani kabisa.

Ili nchi zilinganishwe, mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha njia ya kuikata ramani katika miraba ya kilomita moja moja. Miraba inayopakana, kila mmoja ukiwa na watu 1,500 au zaidi, ikifikisha jumla ya 50,000, hilo ni jiji. Mipaka ya utawala haiangaliwi, na ni afadhali: Chongqing ya China huitwa jiji, lakini eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 82,000, na sehemu kubwa ni milima na mashamba.

Sasa mwenzako. Lami na umeme ni huduma. Tukizifanya kipimo, mtaa uliosongamana ambao haujawahi kuletewa bomba la maji utaandikwa kijiji, halafu huo ukijiji uwe sababu ya kuunyima bomba. Hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Wape wanafunzi kazi hii: wachague mraba wa kilomita moja, wahesabu milango, na kila mlango waulize watu wake wanafanya kazi gani, mama akiwemo.