Makala inafunguka chuoni, nyumbani inagoma

Dada, umeuliza kwa nini makala ya jarida la kitaaluma inafunguka ukiwa Chuo Kikuu cha Makerere, ila ukirudi nyumbani Arua inadai dola. Anayelipa ni chuo, na mchapishaji anatambua anwani ya mtandao wa kampasi tu. Mwombe mkutubi akuunganishe na mfumo wa kusomea ukiwa nje. Mwandikie kwa barua pepe ya chuo, ya Gmail wengine hawajibu kabisa.

Eduroam, yaani Wi-Fi ya vyuo inayoletwa na RENU, mtandao wa vyuo na utafiti Uganda, ukiikuta kwenye chuo cha jirani haitakufungulia makala hizo, ila itakuokolea bando. Ukiipata, fungua MUELE, jukwaa la masomo ya mtandaoni la Makerere, kwenye programu ya simu iitwayo Moodle, gusa kile kiwingu chenye mshale, somo lishuke kwenye simu. Usiku mtandao ukipotea, unasoma tu.