Umechoka na pentatoniki? Jaribu skeli za Ethiopia

Bro, umesema kila solo yako ya gita kanisani inatoka ileile pentatoniki, yaani ule mpangilio (skeli) wa nota tano, na sasa unataka kukariri modi zote saba, zile skeli za nota saba, mara moja, wacha hiyo, utachanganyikiwa bure. Mimi ningeanza na za Wahabeshi, kubwa ziko nne, tizita, bati, ambaseli na anchihoye, na zote ni nota tano kama hiyo umezoea kwa hivyo vidole havitashtuka sana.

Shika tizita mainori. Kutoka C ni C, D, E flati, G, A flati, yaani pentatoniki yako ya C meja lakini E na A zimeshushwa nusu hatua, basi. Ambia mtu wa bezi akae kwa C asiguse nota ingine, halafu piga polepole ukirudi rudi kwa hiyo A flati ikishukia G, utamu wote uko hapo. Na uimbe kwanza kile unataka kupiga, sio kupanda na kushuka tu kama mtu wa mazoezi.

Anchihoye baadaye: C, D flati, F, G flati, A. Hiyo ni kali, usiipeleke ibada ya kwanza 😂 Sikiza Mulatu Astatke, yule mwanamuziki wa Ethiopia, vile anaingiza hizi skeli kwa jazi.