Re: Fuso ya tabo kukosa nguvu, nitoe saileansa?

Mkuu, habari za Kigoma. Nimekusoma: lori lako Fuso ya tabo (kifaa kinachozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini), inachoka kwenye mipando ya kwenda Kasulu, na fundi anataka akate saileansa (kipunguza kelele kwenye bomba la moshi) aweke bomba nene ili ingurume na ipate nguvu.

Kabla hajawasha mashine ya kuchomelea, fungua filta ya hewa. Kwa vumbi la huko, hapo ndipo nguvu nyingi hupotelea. Kisha asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua maungio kati ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) na tabo. Ukiona masizi meusi, gasketi (kizibo cha kwenye maungio) inavuja: moshi uliotakiwa kuzungusha tabo unatokea pembeni. Hata uweke bomba la inchi 5 huko nyuma, hutapona.

Hapo pakiwa salama, bomba pana kuanzia kwenye tabo kwenda nyuma linasaidia kweli, ila kidogo. Kona ziwe za kupinda taratibu, si zile za kukata na kuunga. Weka kipande cha fleksi (bomba linalonyumbulika) na hanga (vishikilio vya bomba) imara, uzito usining'inie kwenye tabo. Bomba lisikaribie hosi za breki wala waya. Na atoe terminali za betri kabla ya kuchomelea, mafundi wengi hawajali hili.

Saileansa usiiondoe kabisa. Tafuta ya bomba lililonyooka lenye matundu, iliyojazwa sufi ya kioo. Mlio unakuwa mzito bila kelele za kukuitia trafiki.

Ikitoa moshi mweusi ikiwa na mzigo, tupia picha ya tabo hapa.